Karavani ya 1969, ninunue nikarabati au niachane nayo? Walioko Uingereza naomba uzoefu

MtotoWaTanga

Wakuu habari za leo. Niko Coventry mwaka wa saba sasa, nafanya kazi ghalani, shifti za usiku. Wiki mbili zilizopita nilimsindikiza jamaa yangu kuchukua friji kijiji kimoja nje ya mji, sasa kwenye ua wa yule mzee muuzaji nikaona karavani ndogo, ile nyumba ya kuvutwa na gari, imeegeshwa chini ya mti, rangi ya krimu na mstari wa kijani, majani yameota mpaka yamefunika matairi. Nikaomba kuchungulia. Nilikaa mle ndani dakika arobaini, jamaa ananipigia honi tu.

Mlango wake umekatwa katikati kama wa zizi la farasi, wa juu unafunguka wa chini unabaki umefungwa. Kuna vikabati vya mbao, meza ya kukunja inayogeuka kitanda, taa ya gesi ya ukutani bado ina kioo chake. Alafu kwenye droo nikakuta daftari, marehemu mke wa yule mzee alikuwa anaandika kila walipolala tangu 1971, Tenby, Whitby, Skegness, mvua ilinyesha au haikunyesha, na siku hiyo walikula nini.

Ni Sprite Alpine ya 1969, anataka pauni 500. Mke wangu anasema sisi wenyewe tumepanga, unanunuaje nyumba ya matairi? Na hajakosea. Lakini pale tunapopanga hata msumari wa kutundikia picha lazima niombe ruhusa, na tangu siku ile nikitoka shifti nikilala naiwaza ile meza.

Nataka kujua wenzangu mliowahi kununua, ni nini kilichowavuta na mnajutia au hamjutii, niangalie wapi nisije nikauziwa mbao zilizooza, na habari ya leseni ikoje. Patasi sijawahi kushika, ila baba alikuwa fundi baiskeli pale Ngamiani na spana nimezizoea tangu mtoto.

MamaNaima_Bristol

Kaka, mimi nimeokota ya kwangu 2018, pauni 650, na watoto wangu watatu wamekulia humo kila likizo. Kinachonivuta mimi ni udogo wake. Nyumbani kila mtu yuko chumbani kwake na simu yake, mle ndani mvua ikianza kupiga juu ya bati mnabaki watu watano kwenye meza moja, chai iko jikoni na jiko lenyewe liko hatua moja kutoka ulipokaa, ukinyoosha mkono umeshika birika. Mimi ni wa Chake Chake, kwetu mvua ya bati ni usingizi, sikutegemea nitaisikia tena huku.

Hizi Sprite usizidharau. Sam Alper aliyezianzisha alitaka mtu wa mshahara wa kawaida naye aweze kununua, maana kabla ya hapo karavani ilikuwa mambo ya wenye nacho. Na ni huyohuyo aliyeanzisha ile migahawa ya barabarani ya Little Chef, 1958. Ukitaka kujua wenye nacho walianzaje, ile inayotajwa kama karavani ya kwanza ya matembezi hapa Uingereza ilitengenezwa hapahapa Bristol 1885, ya Dokta William Gordon Stables, daktari mstaafu wa jeshi la majini. Ilivutwa na farasi wawili akaenda nayo mpaka Inverness kule Scotland. Aliiita Wanderer.

Swali langu kwako ni moja, utaiweka wapi? Kama mmepanga na hamna ua, tafuta mkulima. Mimi nalipa pauni 30 kwa mwezi. Hilo ulijue kabla hujatoa hela, maana karavani nyingi zinakufa kwa kukosa pa kukaa, mtu anaiacha kichochoroni msimu mmoja basi.

Kiwembe77

Mi nakushauri tofauti na dada hapo juu, na nakwambia kwa sababu yamenikuta. Nilinunua ya 1974 kwa mtu mmoja, ndani inang'aa, karatasi mpya za ukutani zenye maua, harufu ya rangi. Nilifurahi kwelikweli. Mwezi wa pili nikaona karatasi imevimba chini ya dirisha la mbele, nikaichana, plaiwudi nyuma yake imelainika kama mkate uliochovya kwenye chai, nikiingiza kidole kinapita mpaka naigusa alumini ya nje. Nikafungua kona ya pili hivyohivyo. Ile karatasi ya maua ilikuwa imebandikwa ili kufunika. Nimetumia karibu pauni 3,000 na miezi kumi na nne, na mwisho nimeiuza chesisi tupu.

Kwa hiyo ukiona ya zamani ndani mpya kabisa, ogopa. Bora hiyo yako yenye majani kwenye matairi, inaonyesha ugonjwa wake.

FundiMatondoni

Assalaam aleikum. Kijana, niko Hull mwaka wa kumi na tisa. Hull na vitongoji vyake ndio makao ya karavani hapa Uingereza, viwanda vingi viko huku, na mimi nimefanya kazi kwenye viwili. Nitakwambia kwa nini mimi mwenyewe, niliyetengeneza mpya mamia, nyumbani kwangu nina ya 1966.

Karavani za sasa ukuta wake ni sandwichi. Ngozi ya nje, povu katikati, ngozi ya ndani, vimegandishwa kwa gundi kuwa kitu kimoja. Ni nyepesi, haipitishi baridi, kazi nzuri sana. Ila maji yakishapenya gundi inaachia, na huwezi kung'oa ubavu mmoja ukatia mwingine kwa sababu hakuna ubavu. Ya zamani ina mataruma, yaani mbavu za mbao. Mimi ni mtu wa Matondoni, Lamu, babangu alikuwa akiunda majahazi, na siku ya kwanza nilipofungua ukuta wa Sprite nikaona vile vijiti vya mbao vimesimama, alumini imepigiliwa nje na bodi imepigiliwa ndani, nilijikuta nimesimama tu naangalia. Ilikuwa jahazi. Taruma likioza unalikata kwa mshazari palipo na mbao nzima, unaunga kipande kipya kwa gundi na parafujo, unaendelea. Aliyeitengeneza aliijenga akijua siku moja kuna mtu ataifungua.

Baba alikuwa akisema jahazi halimalizwi na bahari, linamalizwa na mvua inayotuama ndani yake. Maji ya chumvi yanaihifadhi mbao, maji matamu ndiyo yanayoiozesha. Karavani vilevile. Na jahazi linatiwa kalafati, pamba ya mafuta inagongwa kwenye kila mwanya kati ya mbao na mbao, na mwaka hadi mwaka inatolewa inatiwa nyingine. Kalafati ya karavani ni ile mastiki, gundi ya kuzibia maji, iliyoko chini ya reli za alumini zinazofunga kona za paa na kuta. Ya 1969 kama haijaguswa itakuwa imekauka imekuwa kama ukoko wa ugali uliobaki sufuriani. Hapo ndipo mvua inapoingilia, haiingilii katikati ya bati.

Ukienda kuiangalia tena nenda siku ya pili baada ya mvua. Fungua mlango, vuta pumzi kabla hujaingia. Harufu ya uvundo utaijua. Alafu bonyeza kwa kidole gumba kona zote nne, chini ya kila dirisha, pembeni ya dirisha la paani, ndani ya makabati na chini ya viti ambako hakuna anayepaka rangi. Azima kipimo cha unyevu. Kikisoma chini ya asilimia 15 ni salama, ikipita 20 kuna kazi, na zaidi ya 30 jua mbao pale zinaelekea kuoza au zimeshaoza. Chuchumaa uangalie chesisi na ekseli. Matairi usiyaangalie, nunua mapya, hata kama kashata yake imejaa, tairi lililokaa miaka kumi kwenye majani litapasuka barabarani.

Ukiinunua anza na paa. Wengi wanaanza na mapazia na rangi, baadaye wanang'oa kila kitu. Toa reli, kwangua mastiki ya zamani yote, tia ya utepe mpya, rudisha reli kwa parafujo za chuma kisichoshika kutu. Ukitia parafujo za chuma cha kawaida kwenye alumini, na unyevu ukiwepo, alumini italiwa, utaona unga mweupe kuzunguka kila tundu. Silikoni usiitie hata tone, siku ukitaka kurudia hakuna kitakachoshika juu yake, hata rangi.

Jambo la mwisho na usilifanyie mchezo. Nyuma ya jiko na heta za zamani mara nyingine waliweka karatasi ya asbesto kuzuia moto. Ukikuta bodi ya kijivu ngumu pale usiikate wala usiitoboe, muite mtu wa kazi hiyo. Na mabomba yote ya gesi akague fundi mwenye cheti, hata hiyo taa ya ukutani unayoipenda usiiwashe mpaka amesema.

Eastlando

Mzee wa Matondoni heshima yako, hiyo ya mataruma imenigusa. Niko Nairobi, na nilikuwa nadhani mambo ya karavani si yetu kabisa hadi nikasoma kuhusu msafara wa 1959. Wally Byam, yule Mmarekani mwenye kampuni ya karavani za Airstream, aliongoza karavani 41 kutoka Cape Town mpaka Cairo, zile za alumini inayong'aa kama kioo, wakapita Kongo, Uganda, hapa kwetu Kenya, wakapanda Ethiopia. Barabara za wakati huo ni matope na mawe, na walikuwa wanazirekebisha njiani wakisonga mbele.

Mimi nimekarabati moja iliyokuwa imeachwa kwenye shamba Naivasha. Bati la mbele lilikuwa limebonyea vibaya, kila mtu ananiambia agiza ng'ambo. Nikalibeba nikapeleka Kamukunji. Kuna mzee pale anatengeneza masanduku ya bati tangu ujana wake, akaliweka juu ya kipande cha reli ya treni akaanza kuligonga na nyundo ya mbao, polepole sana, anapitisha kiganja anasikiliza alafu anagonga tena. Ilimchukua nusu siku. Ukipitisha mkono sasa hivi huwezi kujua pa kubonyea palikuwa wapi. Nikimwona mtu ananiuliza raha iko wapi kwenye karavani kuukuu, ninamkumbuka yule mzee na kiganja chake.

Huku shida yetu ni vumbi na mchwa lakini mvua zikianza ni mwanya uleule wa reli.

Spana_17

Leseni: zamani waliopata leseni ya gari dogo kuanzia 1 Januari 1997 walitakiwa kufanya mtihani mwingine kuvuta trela kubwa. Tangu 16 Desemba 2021 hiyo imefutwa, unavuta mpaka kilo 3,500 ilimradi gari lako lenyewe linaruhusiwa, soma kitabu chake. Yangu na vitu vyote ilipimwa kilo 720. Motawei mwisho maili 60 kwa saa, barabara ya kawaida ya njia moja kila upande 50, na motawei ya leni tatu au zaidi usiingie leni ya kulia kabisa. Vitu vizito weka chini karibu na ekseli, ukiweka nyuma itaanza kuyumba kama mkia wa mjusi na ukifikia hapo usishike breki ghafla, achia mafuta taratibu.

Na usajili wa karavani hapa Uingereza ulianza 1992, kwa hiyo yako ya 1969 haikutoka kiwandani na namba ya usajili. Dai risiti yenye namba ya chesisi.

MtotoWaTanga

Wakuu nimerudi. FundiMatondoni shikamoo mzee wangu, nimefanya kama ulivyosema. Jumanne imenyesha kutwa, Jumatano nimetoka kazini saa kumi na mbili asubuhi nikaenda moja kwa moja, na safari hii nimeenda na mke wangu.

Harufu ipo ila sio kali. Kona tatu ngumu kabisa. Kona ya nne, mbele upande wa kushoto chini ya dirisha, kidole kimezama na kipimo kikasoma 34. Chini ya kiti cha upande huohuo kuna taruma mbili zimelainika, nyingine zote nzima. Chesisi ina kutu ya juu tu. Nyuma ya jiko kuna ile bodi ya kijivu, sijaigusa, nimeshampigia mtu.

Nilimwonyesha mzee pale kidole kilipoingia, akaingiza na yeye cha kwake. Akasema walikuwa wanaweka birika upande ule. Ameshusha mpaka 380 na risiti ameandika yenye namba ya chesisi. Daftari amebaki nalo, nami nisingemwomba, ila amesema atanitolea nakala.

Mke wangu hakusema kitu njia nzima, tumefika nyumbani ameuliza ile meza upana wake ni futi ngapi. MamaNaima, mkulima nimempata, pauni 25. Mzee wa Matondoni, nikianza kutoa reli ya hiyo kona naanzia juu au chini?

FundiMatondoni

Marahaba mwanangu. Anzia chini, ndiko parafujo zilikoliwa zaidi na zitakusumbua, uzimalize ungali na nguvu. Usizilazimishe, iliyogoma itobolee kichwa. Kabla hujagusa piga picha ya kila parafujo na kila kipande kiandike namba kwa penseli nyuma. Na subiri wiki kavu. Ukishafungua kona tuma picha hapa tuone taruma zikoje, usikate kitu kabla sijaziona.