Tupeane uzoefu: wakufunzi wa mazoezi tunaojitegemea Dodoma, ni tangazo gani la maandishi lililokuletea wateja kweli?

Kocha wa Ilazo
Wadau, habari za jioni. Jana nimepita jirani na stendi kuu ya mabasi ya Nzuguni nikaona nguzo iliyojaa matangazo ya wakufunzi wa mazoezi, na yote yalisema yale yale: huduma bora, vifaa vya kisasa, bei nafuu, wote mnakaribishwa. Hakuna hata moja lililotaja mtaa, saa ya kuanza, wala aina ya mtu anayefaa kuja. Nimekumbuka kipindi ambacho jimu niliyokuwa nimeajiriwa ilifungwa, nikabaki na saa ya mkononi, kamba ya kuruka na kiwanja cha wazi nilichoruhusiwa na wenye eneo.

Tangazo lililonivusha lilikuwa fupi: "Unafanya kazi Mtumba? Anza mazoezi Ilazo saa 11:30 alfajiri, maliza saa 12:15, ukaoge, na ufike ofisini kabla ya saa 1:30. Siku ya kwanza tunatembea na kunyoosha viungo tu, hakuna atakayekucheka." Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyowaleta. Wengi waliopiga simu waliirudia kabla hata ya kuuliza bei, kwa sababu mtu mzima mwenye cheo chake huogopa kuonekana akihema mbele ya vijana kuliko anavyoogopa jasho lenyewe. Naomba kila mwenye uzoefu aandike maneno aliyoyatumia na yalichozaa.

Mkimbiaji wa Jamhuri
Naunga mkono. Tangu Serikali ihamie huku, watu wa mji huu wanaishi kwa kuangalia saa, na tangazo lisilotaja saa hawalimalizi.

Mama wa Kisasa
Mimi nafundisha wanawake peke yao, na nimejifunza kwamba tangazo la wanawake halianzi na tumbo wala kiuno, bali linaanza na stara. Kabla mama hajajiuliza kama atapungua, anajiuliza nani atamwona, atavaa nini, mtoto atamwachia nani na mwenzake nyumbani atasemaje. Kwa hiyo tangazo langu linajibu maswali hayo kwa mpangilio huo huo: "Wanawake pekee. Mkufunzi ni mwanamke. Ua umezungushiwa ukuta na geti linafungwa. Vaa dera, suruali au kanga, upendavyo. Mtoto anaruhusiwa, tuna mkeka wake. Saa 10:30 jioni, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa." Chini yake ndiyo namba ya simu, na sikuongeza pambo lolote.

Sikulibandika kwenye nguzo. Nililipeleka saluni, kwa sababu mwanamke anayesukwa anakaa saa nyingi na hana pa kwenda. Atalisoma, atamsomea mwenzake, na msusi mwenyewe ataongeza maneno ambayo mimi siwezi kuyaandika. Msusi mmoja wa Chang'ombe alianza kuja mwenyewe, na tangu hapo amekuwa akiniletea wateja wake. Pia nililipeleka kwa fundi cherehani, mahali ambapo mtu anapimwa kiuno na kuambiwa ukweli wake kwa tepu. Hapo nakiri, lilifanya kazi kuliko nilivyotarajia.

Mwanamichezo wa Kikuyu
Mama, mbona hukuandika bei? Mimi naamini tangazo lisilo na bei ni usumbufu kwa pande zote mbili. Niliandika wazi, "Shilingi 5,000 kwa kipindi, unalipa ukimaliza," na simu za watu wanaotaka kujua bei tu zikaisha. Waliobaki wakawa ni wale wanaokuja kweli.

Kijana wa Nkuhungu
Hapo sikubaliani nawe hata kidogo. Kuanzia Aprili hadi mwisho wa Juni, wakati wa Bunge la bajeti, mji huu unapokea wageni wenye uwezo, na ukishaandika 5,000 kwenye karatasi umejifunga mikono mbele ya mtu ambaye angekulipa mara nne akufuate hotelini kwake. Mheshimiwa na mwanafunzi wa chuo kikuu hawana mfuko mmoja.

Mwanamichezo wa Kikuyu
Ndugu yangu, kumfuata mteja hotelini ni huduma nyingine, kwa hiyo iandike na bei yake nyingine. Lakini kumpandishia mtu bei kwa sababu umeiona gari yake si biashara, ni kumvizia. Mji huu ni mdogo. Mheshimiwa wako ana dereva, na dereva wake anafanya mazoezi kwangu.

Kijana wa Nkuhungu
Basi kila mtu ashike lake. Ila nawaambia wadau kwamba mnahangaika na maneno mengi bure. Tangazo la mazoezi linahitaji picha mbili, kabla na baada, na juu yake maneno machache ya kuchoma moyo. Watu hawasomi.

Mteja wa Area D
Naomba radhi kwa kuingia katika mjadala wa wakufunzi ilhali mimi ni mteja, lakini maneno hayo ya "kabla na baada" yamenigusa penye kidonda, na sitaweza kulala bila kuandika.

Baada ya kujifungua mtoto wa pili nilimpata kijana aliyekuwa akija nyumbani jioni kunifanyisha mazoezi. Alikuwa na heshima, anajua kazi yake, na mwili wangu ulirudi. Alinipiga picha nikiwa nimesimama mbele ya pazia la sebuleni, akasema ni za kufuatilia maendeleo na zitabaki kati yetu. Nikakubali, kwa kuwa mume wangu alikuwepo na ndiye aliyekuwa akimlipa.

Miezi mingi ilipita tangu tumalizane. Siku moja mfanyakazi mwenzangu aliniita kwenye korido, akafunga mlango, akanikabidhi kipeperushi alichokibandua kwenye mlango wa mgahawa tunaokula mchana. Nilikuwa mimi, mara mbili, bega kwa bega na mwenyewe. Usoni nilikuwa nimepakwa mstari mweusi, lakini pazia ni langu, kovu la mkononi ni langu, na gauni la bluu katika picha ya pili ndilo nililokuwa nimelivaa ofisini wiki iliyotangulia. Picha ningeweza kuimeza. Maneno ndiyo yaliyonishinda, kwa kuwa yaliandikwa kwa herufi kubwa nyekundu: "ALIKATALIWA NA MUME KWA AJILI YA TUMBO. SASA MUME HATOKI NYUMBANI."

Mume wangu hajawahi kunikataa. Alikuwa akiamka usiku kumbeba mtoto ili mimi nipate usingizi. Na habari ilikuwa imeshatembea kuliko nilivyodhani, kwa sababu jioni ile mama mkwe alipiga simu kutoka Kondoa akilia, akitaka mwanawe amweleze mkewe amemkosea nini. Mume wangu hakujibu neno. Alichukua pikipiki, akazunguka Makole na Majengo akibandua karatasi zile, na aliporudi usiku mikono yake ilikuwa imejaa gundi. Nilipompigia mkufunzi, alinijibu kwamba uso hauonekani, na kwamba maneno yale ni ya kibiashara tu.

Mkimbiaji wa Jamhuri
Pole sana, dada. Pole pia kwa shemeji.

Kijana wa Nkuhungu
Pole, dada, lakini tuseme kweli: ulikubali kupigwa picha, na uso alikuficha.

Mama wa Kisasa
Mwanangu, alikubali kupigwa picha kwa ajili ya kupima kiuno. Hakukubali kubandikwa kwenye mlango wa mgahawa. Hayo ni mambo mawili, na ukiendelea kuyaona kuwa ni moja, mimi sitamshauri mwanamke yeyote akufungulie mlango wake. Na ile habari ya ndoa nani alimpa? Aliitunga.

Karani wa Medeli
Niongeze kwa upande wa sheria, maana wengi wanaifanya kazi hii bila kuifahamu. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume inayopokea malalamiko. Msingi wake ni kwamba taarifa iliyochukuliwa kwa kusudi moja haihamishiwi kusudi jingine bila ridhaa ya mwenyewe. Mstari mweusi usoni haumfichi mtu ikiwa pazia, kovu na gauni vinamtambulisha. Dada, ningekuwa wewe ningepeleka malalamiko rasmi.

Mzee wa Makole
Binti yangu, mimi ningekushauri uanze na mwenyekiti wa mtaa na wazee wa pande zote mbili. Kesi italifanya jambo hili lisomwe upya na wale ambao hawakukiona kipeperushi.

Nesi wa Ipagala
Shikamoo mzee. Kwa heshima zote, ushauri huo wa kunyamazisha ndio unaowapa nguvu watu wa namna hii. Aende kote kuwili.

Mteja wa Area D
Asanteni. Tulimalizia ofisi ya mtaa. Alileta vipeperushi vilivyobaki vikachomwa mbele yetu, akaandika barua kwa mkono wake kwamba maneno yale yalikuwa ya uongo. Barua ile anayo mama mkwe, na kila mgeni anayeuliza anasomewa. Sikuja kuomba kesi. Nilitaka wakufunzi mjue kwamba nyuma ya sentensi yenu kuna nyumba ya mtu.

Nesi wa Ipagala
Tukirudi kwenye matangazo, naomba tuzungumzie pia ahadi. Nikiwa zamu hupokea watu waliojiumiza kwa kufuata karatasi zinazosema kitambi kitaisha kwa siku saba. Hakuna zoezi linaloyeyusha mafuta ya tumboni peke yake. Mwili huchagua wenyewe unapoanzia. Kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ndiyo kasi inayokubalika kwa watu wengi, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli angalau siku mbili. Hesabu hiyo iandikeni kama ilivyo. Na kila tangazo liwe na mstari huu: "Kama una presha, kisukari, ujauzito au tatizo la moyo, tuambie kabla ya kuanza."

Kijana wa Nkuhungu
Nesi, ukiandika nusu kilo kwa wiki, jirani yako akiandika kilo kumi kwa mwezi, simu italia kwa jirani.

Kocha wa Ilazo
Italia kwa jirani mwezi wa kwanza. Mwezi wa pili, yule aliyeahidiwa kilo kumi hayupo kwenye mazoezi na anamwambia kila mtu kwamba mazoezi ni uongo, hata yangu. Tena Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, kwa hiyo hilo si suala la maadili peke yake. Binafsi niliandika, "Baada ya wiki nne utapanda ngazi za ofisini bila kusimama katikati," na jambo hilo naliona likitimia kwa wanaohudhuria. Mteja mwenyewe analipima bila mizani.

Mzee wa Makole
Kwa wanaosema watu hawasomi: Marekani alikuwepo Charles Atlas, jina lake la kuzaliwa Angelo Siciliano, mhamiaji kutoka Italia. Mafunzo yake ya mazoezi yalikuwa yakiuzwa kwa njia ya posta, lakini biashara ilistawi baada ya kuungana mwaka 1929 na Charles Roman, mtu wa matangazo. Tangazo lao lililojulikana sana lilikuwa hadithi fupi ya picha na maneno kwenye vitabu vya katuni, ikimhusu kijana mwembamba anayerushiwa mchanga ufukweni mbele ya mchumba wake. Msomaji alijiona yeye mwenyewe ndani yake. Kijana yule alikuwa wa kuchorwa, hakuwa mteja aliyeibiwa picha yake. Mnaweza kusimulia bila kumvua nguo mtu aliye hai.

Steshenari Majengo
Mimi ndiye ninayewachapia, kwa hiyo niseme ninayoyaona. Mnaleta karatasi yenye maneno mengi kuliko ukurasa, kisha mnataka namba ya simu ionekane. Upepo wa Dodoma wa Julai na Agosti unabandua kila kitu kilichoshikwa na gundi ya maji, kwa hiyo gundisheni kona zote nne kwa selotepu pana, au mpeleke ndani ya maduka kwa ruhusa ya wenyewe. Karatasi ya njano yenye wino mweusi inasomeka kutoka mbali kuliko nyeupe yenye rangi tano, na ni rahisi zaidi. Chini wekeni vipande vya kuchana vyenye namba na neno "mazoezi", kwa sababu mtu akikuta namba tupu mfukoni hakumbuki ni ya nani. Sehemu bora ninayoijua ni banda la chipsi: mtu anayesubiri mayai yake yaive husoma chochote kilicho mbele yake.

Nesi wa Ipagala
Banda la chipsi ni mahali pake kabisa. Mgonjwa tumemfuata kwake.

Mwanamichezo wa Kikuyu
Kabla ya kubandika mabarazani ulizeni pia ofisi ya mtaa na halmashauri ya jiji. Bango lina ada yake, na nguzo za umeme si zetu.

Mwanafunzi wa UDOM
Nimewasoma wote. Nimeanza kufundisha wenzangu na sasa nataka kutoka nje ya chuo. Naomba mnirekebishie: "Mkufunzi mwenye uzoefu. Matokeo ya uhakika. Tunakutana jirani na shule, jioni. Bei maelewano."

Mama wa Kisasa
Mwanangu, toa "matokeo ya uhakika" na utoe "mwenye uzoefu". Andika unamfundisha nani, ni shule ipi na geti lipi, ni saa ngapi unaanza na ni saa ngapi mtu atakuwa ameshaachiwa arudi nyumbani. Weka bei, usimsikilize wa Nkuhungu. Mstari wa presha na kisukari usiusahau. Ukishaandika, uilete hapa kabla hujaipeleka Majengo kuchapwa.

Kijana wa Nkuhungu
Bei aiache. Mengine yote nakubaliana na Mama.