Mkutubi nimepelekwa wodini, naombeni ushauri

Hamjambo wenzangu. Mimi ni mkutubi katika hospitali moja hapa Kisumu. Tangu mwaka uanze nimeambiwa niandamane na madaktari kwenye raundi ya asubuhi, kisha alasiri nikae na timu ya utafiti wa malaria.

Utafiti sina shida nao. Kutafuta makala PubMed (hifadhidata ya makala za kitabibu mtandaoni), kufungua majarida kupitia Hinari ya Shirika la Afya Duniani, kuandika hatua za utafutaji ili mwingine aweze kuzirudia, hiyo ni kazi niliyoizoea. Wodini ndiko jasho linanitoka. Juzi daktari aliniuliza kuhusu dozi ya dawa ya haidroksiurea kwa mtoto mwenye selimundu, akataka jibu papo hapo, mamake mtoto akisikiliza. Nilipata makala tatu, mbili zikipingana. Nikampa zote, akanitazama kana kwamba nimemficha jibu. (Na intaneti ya wodini mnaijua.)

Waliowahi kufanya kazi hii, huwa mnajibu hapo hapo au mnaomba muda? Maswali mnayaweka wapi bila kuandika jina la mgonjwa? Na mgonjwa akiniita daktari, nimsahihishe vipi bila kumwaibisha?