Ulinganisho: panya wa LCWE, panya wa CAWS au sungura kwa utafiti wa Kawasaki?

Kijana_wa_Mikindani
Wakubwa shikamooni. Nasoma tiba hapa Mtwara na nina semina kuhusu ugonjwa wa Kawasaki, ule unaovimbisha mishipa inayolisha moyo wa mtoto. Dkt. Tomisaku Kawasaki aliuandika mwaka 1967 huko Japani, na chanzo chake hakijajulikana mpaka leo. Sasa ugonjwa usiojulikana chanzo unaigizwaje kwa mnyama? Na katika hao watatu, nimtetee yupi?

Maabara_Shangani
Marahaba mdogo wangu. Kinachoigizwa ni kidonda cha mshipa, si chanzo. Mimi nasimama na LCWE, dondoo la ukuta wa seli za bakteria Lactobacillus casei, lililoanza kutumika mwaka 1985. Panya hudungwa tumboni mara moja tu, na baada ya wiki mbili hivi shina la aota, mshipa mkuu unaotoka moyoni, na mishipa ya moyo vimevimba. Hutumika panya wa wiki nne au tano, yaani nao bado ni watoto. Lakini kinachonivuta hasa ni dawa: imunoglobulini, yaani kingamwili kutoka damu ya wachangiaji, anayotundikiwa mtoto hospitalini humsaidia na panya huyu. Tena panya asiye na kipokezi cha interleukini-1, kemikali ya mwili inayochochea uvimbe, haugui hivyo, na dawa ya anakinra, inayoziba njia hiyo, humkinga panya wa kawaida. Hapo ndipo wazo la kuwapa anakinra watoto wasiopona kwa imunoglobulini lilipopata nguvu.

Mwl_Chikongola
Usiitupe CAWS, kijana. Hiyo hutoka kwenye kuvu Candida albicans, hudungwa siku tano mfululizo, na uvimbe wake ni mkali. Utamu wake ni ukoo wa panya: DBA/2 huugua vibaya, CBA/J huhimili. Kwa anayetafuta kwa nini mtoto mmoja augue na jirani yake asiugue, hapo pana kazi. Sungura anayedungwa protini ngeni ana mshipa mpana unaochunguzika vizuri, ila vinasaba vyake havichezewi kwa urahisi kama vya panya.

Mama_Wawili_Lindi
Samahanini, mimi si mtaalamu. Mwanangu alikaa na homa siku sita, macho mekundu, midomo imepasuka. Malaria alipimwa mara tatu, hakuna kitu, tukawa tunarudishwa nyumbani. Baadaye ngozi ya vidole ikaanza kubanduka. Hao panya wananisaidia nini mimi?

Nesi_wa_Zamu
Pole sana dada. Kubanduka vidole baada ya homa ya namna hiyo si jambo la kuachia. Tafadhali mpeleke kwa daktari wa watoto, uombe kipimo cha eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, hata kama homa imeshaisha. Asipotibiwa, takribani mtoto mmoja kati ya wanne hupata uvimbe wa mishipa hiyo. Imunoglobulini ikitolewa ndani ya siku kumi za mwanzo, hushuka hadi kama mmoja kati ya ishirini.

Maabara_Shangani
Na panya ndio wanaotuonyesha ndani ya ukuta wa mshipa. Kwa mtoto aliye hai hatuwezi kukata kipande tukatazame.

Kijana_wa_Mikindani
Ahsanteni. Namtetea LCWE, na ukoo wa panya wa CAWS nitauweka kama hoja ya pili. Mama, eko ukishaipata tujulishe hapa hapa.

Mama_Wawili_Lindi
Kesho alfajiri tunapanda gari, mwanangu.