Nimechoka kununua bando nidanganywe kuhusu Kisumu ya 1969

Jameni, leo nina hasira na siwezi kunyamaza.

Jana jioni mzee wangu aliniomba nimtafutie mtandaoni kitu chochote kuhusu Oktoba 25, 1969, siku Jomo Kenyatta alipokuja kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, ile tunayoiita Russia hadi leo. Mzee alikuwa mtoto wa shule, amepangwa na wenzake kando ya barabara, walinzi wa rais na polisi walipoanza kuufyatulia umati risasi. Nikanunua bando ya shilingi 50, nikafungua video ya chaneli moja yenye wafuasi wengi ajabu. Dakika 22! Sauti ya mashine inasoma, mitaa inayoonyeshwa si ya Kisumu, magari ni ya juzijuzi. Halafu eti Tom Mboya, yule waziri Mluo, aliuawa baada ya siku hiyo. Mboya aliuawa Julai 5, miezi mitatu kabla, na ndiyo maana mji ulikuwa na uchungu ule! Mzee akanirudishia simu, akasema, "Zima." Akaenda kulala, chai ikabaki mezani.

Na kinachoniuma ni kwamba ukweli umeandikwa. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilitoka 2013, mauaji ya Kisumu yamo, na kuipakua ni bure. Lakini ni majuzuu manne ya Kiingereza cha mawakili. Nani atamsomea mzee wa mtaa wa Manyatta, hapa Kisumu? Kumbukumbu za Bunge nazo ziko mtandaoni, hakuna anayezigusa.

Msiniambie haiwezekani. Juni 2024 vijana waliuchukua Mswada wa Fedha wakaueleza kwa Kiswahili na lugha za mama, video fupifupi, na mama mboga akajua mkate wake ungetozwa nini. Mlienda wapi?

Hata isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, ambayo UNESCO iliiorodhesha 2014 kuwa iko hatarini kupotea, ukiitafuta unapata vipande vya harusi tu. Mtoto wangu aliniuliza kwa nini ngoma ni tatu. Baba, mama na mtoto, nilimwambia mimi, si video.

Ninyi wenye chaneli ile, ifuteni au muirekebishe. Kuna watu walikuwepo na bado wako hai. Na yeyote anayejua aliyeisimulia 1969 sawasawa, kwa Kiswahili, aweke jina lake hapa. Mzee ameniuliza tena asubuhi.