Kadi ya grafiki kwa OptiPlex ya wati 240: VRAM 4GB, 6GB au 8GB?

Nyegezi_Kona

Mwangaluka wakuu. Natafuta kadi ya grafiki ya kuweka kwenye Dell OptiPlex 7050, lile kasha kubwa la mnara, si lile jembamba. Ndani kuna i5-7500, RAM 8GB kijiti kimoja, SSD ya 256GB, na pawa saplai ni ileile ya kiwandani, imeandikwa 240W. Skrini ni inchi 22, 1080p, 60Hz.

Nimezunguka maduka ya mjini Mwanza kuanzia Makoroboi hadi Kirumba. Nimeonyeshwa GT 730 ya 4GB, GTX 1650 ya 4GB, RTX 3050 ya 6GB na RX 580 ya 8GB iliyotumika. Kinachonichanganya ni kwamba hiyo ya 8GB ni rahisi kuliko ya 6GB. Bajeti inaishia laki 5 na nusu. Gemu zangu ni EA FC, GTA V, Counter-Strike 2, na Cyberpunk 2077 ikiwezekana.

Maswali: VRAM, yaani memori ya kadi yenyewe, ya 4GB bado inatosha? Hiyo 8GB ya RX 580 inaizidi 6GB ya 3050? Na kama GT 730 na GTX 1650 zote zina 4GB, tofauti ya bei inatoka wapi?

Fundi_Kirumba

Mkuu, kabla ya kuhesabu GB, anza na hiyo namba 240. Ndiyo inayokuchagulia kadi, memori inafuata nyuma.

RX 580 peke yake inakula wati 185 na inadai plagi ya pini 8 kutoka kwenye pawa saplai. OptiPlex yako haina plagi hiyo. Muuzaji atakwambia kuna adapta ya kutoa umeme kwenye SATA, ile plagi ya diski. Usikubali. Plagi moja ya SATA imetengenezwa kubeba ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54, wakati pini 8 zinatarajiwa kupitisha hadi wati 150. Plastiki ya SATA huyeyuka, na hata kabla haijayeyuka mashine itakuwa inajizima kila gemu inapopamba moto.

Sloti ya PCIe, pale kadi inapochomekwa kwenye mazabodi, inatoa wati 75 mwisho wake. Kwa hiyo unabaki na kadi zisizo na plagi ya ziada: GTX 1050 Ti, GTX 1650 zilizo nyingi (igeuze uitazame, baadhi zimewekewa pini 6), na RTX 3050 ya 6GB ambayo ni wati 70. Hapo kwenye 3050 fungua macho. Ya 8GB, iliyotoka 2022, ni wati 130 na ina plagi. Ya 6GB ilitoka Februari 2024. Jina moja, kadi mbili.

Hesabu yenyewe: prosesa wati 65, kadi 70, mazabodi na SSD na feni tuseme 40. Jumla 175. Pawa saplai yako inabeba bila kulalamika.

GT 730 iache hukohuko dukani. Nyingi za 4GB zimewekewa memori ya aina ya DDR3 yenye njia ya biti 64, inayosoma GB 14.4 kwa sekunde. GTX 1650, hata ile ya zamani ya GDDR5, inasoma GB 128. Hizo 4GB za GT 730 ni tenki la lita elfu lililofungwa bomba la nusu inchi: chipu yenyewe haina nguvu ya kuchora vitu vya kujaza memori hiyo. Wanaandika 4GB kwa herufi kubwa kwenye boksi kwa sababu ndiyo namba pekee mnunuzi anayoijua.

Bwiru_1080

Fundi kamaliza upande wa umeme, mimi nichukue memori.

Wengi wanadhani VRAM inaliwa na ukubwa wa skrini. Picha moja ya 1080p ni pikseli 1920 mara 1080, kila moja baiti 4: haifiki hata MB 9. Kadi hushika picha za namna hiyo nyingi kwa wakati mmoja, za kina (umbali wa vitu), za vivuli, za mwanga, kwa hiyo zinafika MB mamia, lakini mlaji mkubwa ni tekstura, yaani ngozi zinazovishwa kuta, nguo, magari na nyuso.

Chukua tekstura moja ya 4096 kwa 4096. Ikibanwa kwa mtindo wa kawaida wa gemu za sasa inakula baiti moja kwa pikseli, MB 16. Ongeza nakala zake ndogondogo za kuonyesha kitu kikiwa mbali, ambazo ni kama theluthi moja zaidi, unafika MB 21 na ushee. Kitu kimoja mara nyingi kina tekstura tatu: ya rangi, ya mabonde na miinuko, na ya mng'ao. Hiyo ni zaidi ya MB 60 kwa ukuta mmoja. Ukishusha setingi ya tekstura hatua moja, pande zote mbili zinakuwa nusu, na memori inashuka hadi robo. Ndiyo maana tekstura ndiyo setingi ya kwanza kuigusa VRAM ikikubana, na kama memori inatosha, kuiacha juu hakukupunguzii fremu (picha kwa sekunde) kwa kiasi cha kuonekana. Watu wa kadi ndogo hukimbilia kushusha kila kitu mpaka gemu inaonekana ya 2005, kumbe walihitaji kugusa kitufe kimoja.

Memori ikijaa, gemu haifi palepale. Windows huhamisha sehemu ya mzigo kwenye RAM ya kawaida, na kadi inaanza kuufuata huko kupitia PCIe. Hapa ndipo penye maumivu. RTX 3050 ya 6GB inasoma memori yake kwa GB 168 kwa sekunde. Inatumia njia 8 za PCIe, na mashine yako ni PCIe 3.0, kwa hiyo mlango huo unapitisha karibu GB 8 kwa sekunde. Mara ishirini pungufu. Utaona wastani wa fremu bado ni mzuri, 50 au 55, lakini gemu inaganda nusu sekunde kila ukikata kona na gari. Gemu nyingine hazigandi, zinakuletea kuta zenye ukungu ambazo hazisafiki hata ukisimama mbele yake.

Sasa kwa gemu zako. Counter-Strike 2, EA FC na GTA V ya 2015 zinakaa vizuri ndani ya 4GB kwa 1080p. Cyberpunk 2077, tangu watengenezaji walipopandisha mahitaji yake 2023, imewekewa GTX 1060 ya 6GB kama kiwango cha chini kabisa. Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 inaanzia RTX 2060 Super, ambayo ni 8GB, na inalazimisha rei tresingi, yaani mwanga unaokokotolewa kama wa kweli. Umeshaona mwelekeo: 4GB ni ya gemu ulizonazo tayari, 6GB inakupitisha kwenye Cyberpunk ukiwa na tekstura za kati, na 8GB ndiyo sakafu ya gemu kubwa mpya.

Kwa kasha lako, chukua RTX 3050 ya 6GB. Inakubali pia DLSS, ambayo GTX 1650 haina. DLSS inachora picha kwa ukubwa mdogo halafu inaikuza, hivyo inaokoa memori kidogo. Ila usiichanganye na zile fremu za kubuni (frame generation) ambazo gemu za sasa zinachomeka katikati ya fremu halisi. Hizo zinaongeza matumizi ya VRAM.

Dada_Igoma

Nakubaliana na Bwiru kwenye kadi, ila mmeruka kitu kinachomngoja nyumbani: RAM 8GB kijiti kimoja.

Kijiti kimoja cha DDR4-2400 kinapitisha GB 19.2 kwa sekunde, viwili vinapitisha 38.4. VRAM ikifurika, mzigo unakuja kwenye RAM hiyohiyo ambayo prosesa inaitumia, na Windows pamoja na kivinjari vimeshakula 4GB. Ikijaa nayo, inageukia SSD. Hapo utailaumu kadi bure. Kwenye hiyo laki 5 na nusu, hakikisha kinabaki cha kununua kijiti kingine cha 8GB, na uombe punguzo la kadi kwa ajili hiyo. OptiPlex 7050 ya mnara ina sloti nne. Weka kijiti cha pili kwenye sloti yenye kibano cha rangi sawa na ya kwanza ili vifanye kazi kwa pamoja.

Kingine, mtu asikudanganye kwamba kadi za jina moja zinatofautiana kwa GB tu. Tazama RTX 3060: ya 12GB ina njia ya biti 192 na kasi ya GB 360 kwa sekunde, ya 8GB wameikata hadi biti 128 na GB 240. Chipu ya memori ina upana wa biti 32, na kwenye kadi hizi kila moja hubeba GB 1 au 2. Ndiyo maana 3050 ya biti 96 inakuwa 6GB: chipu tatu za GB 2. Ukijua hesabu hiyo, muuzaji akikwambia ana "3050 ya biti 96 yenye 8GB", unajua hajui anachouza.

Kama ungekuwa na kasha la kawaida lenye pawa saplai ya wati 450 ya maana, ningekwambia RX 6600 ya 8GB, wati 132, bila kupepesa. Lakini kubadilisha pawa saplai kwenye OptiPlex hizi ni shughuli. Plagi ya mazabodi si ile ya pini 24, inabidi adapta, na pawa saplai ya kawaida (ATX) mara nyingi haikai kwenye nafasi yake. Ukijumlisha gharama umenunua mashine nyingine.

Kuangalia kama VRAM inakubana: fungua Task Manager, sehemu ya Performance, bonyeza GPU. Mstari wa Dedicated ni memori ya kadi, wa Shared ni RAM inayoazimwa. Acha gemu iende dakika 15, kisha tazama. Dedicated ikiwa imejaa peke yake si tatizo, gemu nyingi hujitwalia memori kuliko zinavyohitaji. Dedicated ikigota juu na Shared ikawa inapanda zaidi ya GB 1 huku gemu inaganda, hapo shusha tekstura. Funga na Chrome, inashikilia MB mamia za VRAM bila sababu.

Nyegezi_Kona

Asanteni sana, dada na wakuu. Nimeelewa kuhusu umeme. Maswali mawili ya mwisho. Kuna mtu ananiuzia RX 6500 XT ya 4GB, anasema ni mpya kuliko 1650 kwa hiyo ina nguvu zaidi. Na nikienda dukani kuchukua hiyo 3050, au 1650 ya mkononi bei ikinishinda, nipime vipi pale pale?

Fundi_Kirumba

RX 6500 XT ni mtego kwa mashine kama yako. Ina njia 4 tu za PCIe. Kwenye mazabodi ya PCIe 4.0 inavumilika, kwenye 3.0 yako ule mlango anaousema Bwiru unabaki na GB 4 kwa sekunde, na kwa kuwa ni 4GB utaugonga kila siku. Tena ni wati 107 na ina plagi ya pini 6, kwa hiyo hata haiwaki kwako.

Kupima: nenda na flashi yenye programu mbili, GPU-Z ya kusoma taarifa za kadi na OCCT ya kuijaribu, mwombe aweke kadi kwenye mashine yake. GPU-Z ionyeshe kwa 3050 ya 6GB: shaders (viini vya kuchora) 2304, biti 96, memori 6144 MB. Kwa 1650: shaders 896, biti 128, 4096 MB. Kadi zilizobadilishwa jina hutokea na neno FAKE mbele ya jina. Hizi ni nyingi kwenye 1050 Ti: ndani ni GTX 550 Ti au GTS 450 ya enzi za 2010 na 2011 iliyoandikiwa BIOS (programu ya ndani ya kadi) mpya, memori halisi ni 1GB, na ikifika hapo inaanguka. Ukiona "1050 Ti" yenye tundu la VGA la bluu, shuku kwanza.

RX 580 nazo zina la kwao. Ya kweli ina shaders 2304. Kuna toleo la 2048, hilo kimsingi ni RX 570 iliyobatizwa.

Halafu OCCT, jaribio la VRAM, ujaze asilimia 90, dakika 10. Kosa hata moja, rudisha. Vitone vya rangi, mistari au viboksi kwenye skrini ni chipu ya memori inayokufa, na hakuna kuoka kadi kwenye oveni kutakakoiponya. Gusa feni izunguke bila mkwaruzo, na nusa: harufu ya kuungua haijifichi.

Bwiru_1080

Nyongeza ndogo. Ukishindwa kabisa na bei, 1650 itangulie 1050 Ti hata kama zote ni 4GB. Nvidia wamemaliza draiva mpya za gemu za kizazi cha 1050 Ti Oktoba 2025, kilichobaki ni marekebisho ya usalama hadi Oktoba 2028. 1650 bado inahudumiwa. Na kati ya 1650, tafuta ya GDDR6: GB 192 kwa sekunde badala ya 128, bei mara nyingi ileile.

Dada_Igoma

Kabla ya kulipa pima kwa rula kuanzia bati la nyuma hadi kwenye fremu ya diski ndani ya kasha. Nyingi za 3050 ya 6GB zenye feni moja zitaingia, zenye feni mbili inategemea.

Ukishaiweka, kebo ya skrini ichomeke kwenye kadi, siyo kwenye mazabodi. Skrini ikibaki nyeusi, bonyeza F2 wakati wa kuwasha, ingia sehemu ya Video, iweke kwenye Auto. Weka kidhibiti umeme au UPS, maana umeme ukirudi kwa kishindo hauchagui. Na kwa kuwa uko karibu na ziwa, wakati wa wale wadudu wadogo usiku zima taa ya karibu na mashine au funga dirisha. Feni inawavuta ndani, wanagandamana na vumbi kwenye mapezi ya kadi mpaka joto linapanda nyuzi 10 hivi hivi. Brashi ya rangi iliyo kavu inatosha kuwatoa, ukiwa umeshika feni isizunguke.