Ushauri: mkia wa beta wangu unachanika na ukingo umekuwa mweusi (Ujiji, Kigoma)

Mleta mada:
Habari za jioni wakuu. Naomba msaada wa wenye uzoefu na samaki wa mapambo. Nina beta dume wa buluu niliyemwagiza kutoka Dar es Salaam, na anaishi peke yake hapa Ujiji katika tangi la kioo la lita 10 lisilo na chujio. Ndani yake kuna ua la plastiki na kichungu cha udongo cha kujifichia. Maji ni ya bomba, ambayo huyaacha yakae usiku kucha kwenye ndoo iliyo wazi ili klorini itoke, kisha hubadilisha yote kila mwisho wa wiki.

Alipofika, mkia wake ulikuwa mpana na mzima. Sasa ncha zimechanika na zimebaki nyuzinyuzi, kuna mstari mweusi ukingoni, na upande mmoja umepasuka kuelekea mwilini. Bado anakula, lakini muda mwingi amejibanza chini huku amekunja mapezi. Jirani amenishauri nifungue kepsuli ya tetrasaiklini ya binadamu niimimine majini. Je, huu ni ugonjwa au amejichana mwenyewe? Ninampenda sana samaki huyu na sitaki kumpa dawa kwa kubahatisha.

MfugajiMwanga:
Mkuu, tafadhali usitie hiyo kepsuli. Kipimo chake hakikupangwa kwa lita 10 za maji, na dawa ya aina hiyo huua hata bakteria wema wanaosaidia kusafisha tangi. Tujue kwanza tunatibu nini.

Mchukue kwenye mwanga wa mchana na uutazame ukingo wa pezi kwa makini. Pezi lililonasa kwenye kitu huchanika kwa mstari safi, aghalabu katikati ya miale miwili (vile vijiti vyembamba vinavyolishikilia pezi), na rangi yake haibadiliki. Samaki anayejing'ata mkia, jambo ambalo beta wenye mapezi marefu hulifanya, hupoteza vipande vizima kwa ghafla, hata ndani ya usiku mmoja, na alama hubaki kama nusu duara. Kuoza kwa mapezi huenda taratibu kutoka ukingoni kuelekea mwilini, na ukingo huwa mweusi, wa kahawia au mwekundu. Ukiona manyoya meupe kama pamba, hiyo ni dalili ya kuvu.

Kisha chukua soksi laini ya nailoni ya kike, uipitishe polepole juu ya ua na kichungu. Popote itakaponasa, pezi la beta nalo litanasa. Utuambie pia maji yana joto kiasi gani alfajiri.

WaKibirizi:
Mimi ningemchotea maji ya ziwani moja kwa moja. Tanganyika imejaa samaki wazuri wa kila rangi na hawaozi mapezi.

MwalimuGungu:
Ndugu yangu wa Kibirizi, samaki wetu wa ziwani wamezoea maji magumu, yaani yenye madini mengi, ambayo pH yake (kipimo cha uasidi au ualkali wa maji; 7 ni katikati) inakaribia 9. Asili ya beta ni Thailand na nchi jirani, kwenye mashamba ya mpunga na madimbwi ya maji laini yaliyotulia. Anaweza kuvumilia maji yetu akizoezwa, na hata bomba la mjini hapa linatoka ziwani humohumo, lakini maji ya ziwani hayatakuwa dawa yake.

Tena hapa pana jambo ambalo wafugaji wa Kigoma tunapaswa kulishika kuliko wa mikoa mingine. Kinyesi cha samaki na chakula kilichobaki hutoa amonia, na ukali wake hutegemea pH. Maji yakiwa na nyuzi joto 25 na pH 7, sehemu ya amonia iliyo katika umbo lenye sumu kali haifiki asilimia 1, ilhali kwenye pH 9 inazidi asilimia 30. Kwa hiyo uchafu uleule ambao beta wa mahali penye maji laini angeuvumilia, huku kwetu unamuunguza mapezi na matamvua. Tangi la lita 10 lisilo na chujio, likisubiri wiki nzima, linafika huko mapema.

Mleta mada:
Nashukuru sana. Nimetazama mchana: ukingo ni mweusi na una wekundu kidogo, ila ule mpasuko mrefu ni safi kabisa. Soksi imenasa kwenye majani ya ua, kichungu hakina shida. Alfajiri kipimajoto kinasoma nyuzi 21.

MfugajiMwanga:
Basi ana mambo mawili kwa pamoja: amejichana kwenye plastiki, na bakteria wameingia penye jeraha kwa sababu maji ni machafu na ya baridi. Ua litoke leo.

Badilisha robo hadi theluthi ya maji kila siku badala ya yote kwa mkupuo, na maji mapya yalingane na ya tangini kwa joto. Fyonza mabaki ya chini kwa mpira mwembamba. Lisha kidogo, na kilichobaki ukitoe. Joto lake ni nyuzi 25 hadi 27, kwa kuwa mwili wake hufuata joto la maji na kinga yake hulegea kukiwa na baridi. Agiza hita ndogo inayojizima yenyewe. Kwa sasa, kama tangi liko dirishani liondoe, na ulizungushie blanketi usiku, lakini juu pawe wazi, maana beta huvuta pumzi juu ya maji. Usimwage maji ya moto tangini.

Chumvi inasaidia. Ya mawe ya Uvinza inafaa, mradi haina viungo: kijiko kimoja cha chai kwa lita 4, iyeyushwe kwanza kwenye kikombe kisha imiminwe kidogo kidogo. Unapobadilisha maji, rudisha chumvi ya kiasi ulichotoa tu, na usizidishe siku 10. Weusi ukiendelea kupanda licha ya hayo, hapo ndipo tutazungumzia dawa ya bakteria iliyotengenezwa kwa ajili ya samaki, kwa sababu uozo ukifika kwenye shina la pezi, pezi halioti tena.

MwalimuGungu:
Jani kavu la mkungu, ule wa kivuli unaozaa kungu, nalo hulainisha maji kidogo. Lioshwe vizuri, na lisichukue nafasi ya kubadilisha maji.

Mleta mada:
Wakuu, weusi umesimama na sasa anaogelea juu, mapezi ameyafungua. Ila ukingoni kumetokea utando mwembamba usio na rangi. Je, ni kuvu?

MfugajiMwanga:
Utando ukiwa laini, unapitisha mwanga na umefuata umbo la pezi, hilo ni pezi jipya linaota. Rangi huja baadaye. Kuvu ingekuwa na manyoya na ingesimama juu ya pezi. Acha chumvi sasa, endelea na maji ya kila siku hadi ule mpasuko ufunge, kisha tafuta chujio la sifongo lenye mkondo mpole.