Murphy, Walsh au Twomey: nimwandike nani kati ya waongozaji hawa wa Ireland?

Pazia Jeupe (mwanzisha mada)
Wanajukwaa, salaam. Ninaandaa makala ndefu juu ya maisha na kazi ya mwongozaji mmoja wa kike wa filamu kutoka Ireland, na baada ya kuchuja nimebaki na majina matatu: Pat Murphy, Aisling Walsh na Nora Twomey. Twomey ndiye anayejulikana zaidi kwa watazamaji wa leo. Walsh ana kazi nyingi, za sinema na za televisheni. Murphy ana filamu tatu tu ndefu za kuigiza, za mwaka 1981, 1984 na 2000, na kwa uchache huo nimeelekea kumwacha. Naomba waliozitazama kazi zao wanishauri kabla sijashika kalamu.

Taa ya Nyuma
Ndugu yangu, huyo unayetaka kumwacha ndiye ningekusihi uanze naye. Murphy alizaliwa Dublin mwaka 1951, akahamia Belfast na familia yake akiwa bado kijana, akasomea sanaa ya uchoraji kabla ya kuigeukia kamera. Filamu yake *Maeve*, aliyoiongoza pamoja na John Davies kwa msaada wa fedha za British Film Institute, inamfuata msichana anayerudi Belfast kutoka London wakati mji umejaa wanajeshi wa Uingereza. Kuna mazungumzo juu ya Cave Hill, mji wote ukiwa umetandazwa chini yao, ambapo Maeve anabishana na Liam, kijana aliyewahi kuwa mpenzi wake na anayeamini harakati za kuiunganisha Ireland. Swali la Maeve ni mwanamke atakuwa wapi katika taifa hilo likishakombolewa. Mtazame pia baba yake: anasimulia visa vyake akiwa ameikabili kamera, kana kwamba msikilizaji wake ni sisi na si binti aliye karibu naye. Kwa namna hiyo ya kuwapanga watu ndani ya picha, Murphy anatuonyesha ni nani mwenye haki ya kusimulia historia ya nyumba, na kwa hiyo historia ya nchi.

Ukifika kwenye *Anne Devlin* ya mwaka 1984, utaona jambo hilohilo limeiva. Devlin alikuwa mwanamke wa Wicklow aliyejifanya mtumishi wa ndani katika nyumba ya Robert Emmet, kiongozi wa uasi wa mwaka 1803 dhidi ya utawala wa Uingereza, ilhali alikuwa mshiriki kamili wa mipango yake. Uasi uliposhindwa, askari walimchoma kwa singe na kumning'iniza kwa kamba hadi karibu na kufa, kisha akafungwa katika gereza la Kilmainham, na hakumtaja mtu hata mmoja. Emmet alinyongwa na kugeuka shujaa wa nyimbo na picha za ukutani. Devlin aliishia kufua nguo za watu, akafa maskini mjini Dublin mwaka 1851. Murphy aliichukua simulizi ya mwanamke huyo mwenyewe kuhusu kifungo chake, akampa Brid Brennan nafasi ya kuigiza, na akathubutu kuujenga mchezo mzima juu ya ukimya. Wanaume wanahoji, wanatisha, wanabembeleza. Kamera inabaki kwenye uso wa mwanamke ambaye kutosema kwake ndiko kitendo chake kikubwa. Mimi sijaona mwongozaji mwingine aliyeutumia ukimya kwa uzito wa namna hiyo.

Kalamu Ndefu
Nakubaliana na mengi aliyoyasema Taa ya Nyuma, ila naomba tulitazame pengo la miaka 16 baada ya *Anne Devlin*, kwa sababu hapo ndipo ulinganisho unapopata maana. Bodi ya Filamu ya Ireland, iliyokuwa imeanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ilisimamishwa mwaka 1987 na kurudishwa mwaka 1993. Mwongozaji aliyekuwa akijenga jina kipindi hicho alipoteza mlango wake mkuu wa fedha nyumbani.

Aisling Walsh, aliyezaliwa Dublin mwaka 1958 na kusomea filamu Uingereza, alitoa *Joyriders* mwaka 1988, yaani mara tu baada ya mlango huo kufungwa, na sehemu kubwa ya kazi zake zilizofuata aliifanya katika televisheni ya Uingereza. Wako wanaoiona njia hiyo kuwa ya pili kwa hadhi, lakini mimi naiona kuwa ndiyo iliyomlinda, kwa kuwa aliendelea kuongoza waigizaji wakati wenzake wanasubiri majibu ya barua. Aliporudi na *Song for a Raggy Boy* mwaka 2003, kuhusu shule ya kurekebishia wavulana iliyoendeshwa na watumishi wa Kanisa mwaka 1939, alikuwa na mkono uliokomaa. *Maudie* ya mwaka 2016, juu ya mchoraji Maud Lewis wa Nova Scotia, ni matunda ya ustadi huohuo: karibu kila kitu kinatokea ndani ya kijumba cha chumba kimoja, na mwigizaji Sally Hawkins anachora maua ukutani kwa vidole vilivyokunjwa na maradhi ya viungo. Ukitaka kuandika juu ya uvumilivu wa kikazi, Walsh ndiye.

Mchora Vibonzo
Nitasema machache juu ya Twomey, kwa kuwa habari zake zinapatikana kwa urahisi. Alizaliwa Cork mwaka 1971, akaacha shule mapema na kufanya kazi kiwandani kabla ya kusomea uchoraji wa vibonzo Ballyfermot, Dublin. Mwaka 1999 alishirikiana na Tomm Moore na Paul Young kuanzisha studio ya vibonzo ya Cartoon Saloon mjini Kilkenny, na *The Breadwinner* ya mwaka 2017 ilimfikisha kwenye orodha ya wateule wa Oscar. Lakini angalieni kilicho muhimu: Parvana, msichana wa Kabul, anakata nywele na kuvaa kivulana ili ailishe familia, na hadithi anayoisimulia imechorwa kama vipande vya karatasi vilivyokatwa, tofauti kabisa na michoro ya mitaa ya mji. Tumerudi kwenye swali la Murphy, la nani anasimulia.

Pazia Jeupe
Nawashukuru sana. Nilikuwa nahesabu filamu kumbe nilipaswa kuhesabu miaka iliyokosekana. Ila Taa ya Nyuma, naomba neno moja: *Nora*, ile filamu ya Murphy ya mwaka 2000, niipe nafasi gani?

Taa ya Nyuma
Ipe nafasi kubwa. Ina Ewan McGregor kama mwandishi James Joyce, na watu wengi huifungua kwa ajili yake, lakini Murphy amemweka Susan Lynch katikati, katika nafasi ya Nora Barnacle, mfanyakazi wa hoteli kutoka Galway aliyeondoka na Joyce mwaka 1904 bila ndoa, wakafika Trieste. Itazame mara baada ya *Anne Devlin*, usiku huohuo ukiweza. Mmoja alikataa kuzungumza, na huyu hakubali kunyamazishwa.